Kanisa Lililowafuata Wafu Wake

Safari hii sikuipanga mimi. Ilipangwa na Madam, mwajiri wangu, jikoni kwake Mirdif, Dubai, asubuhi moja ya joto huku mimi nikimenya viazi. Mama yake mzazi, anayeishi peke yake katika kijiji kimoja mashariki mwa Uingereza, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga. Kiangazi hicho familia ingekwenda kukaa naye, na mimi ningefuatana nao: nimpikie bibi, nifue, nimwangalie Poppy, binti yao wa miaka sita. Madam hakuniuliza kama nataka kwenda. Angeniuliza, ningeitikia kabla hajafika mwisho wa swali.

Lakini kabla sijawatoa Dubai, lazima niwaeleze nilichokuwa nimekibeba moyoni, maana bila hicho ningekuwa nawasimulia habari za mawe tu. Kijijini kwetu, kwenye vilima vya Muheza, tuna kanisa la mawe walilolijenga mababu zetu wakiwa na wamisionari. Ni zuri, lakini ni dogo. Siku ya Jumapili nusu ya watu husali nje, juani, wakimsikia padri kupitia madirisha. Mwaka huu wazee wa kanisa wakaamua libomolewe, lijengwe jipya, kubwa, na hilo jipya lingemeza uwanja wote wa upande wa kusini. Upande huo ndiko waliko marehemu wetu. Makaburi yangehamishwa, likiwemo la mama yangu.

Baba akasema atakayetaka kumfukua mkewe aanze kwanza kumzika yeye. Akaacha kwenda kanisani. Mtu aliyepiga kengele ya kanisa lile nusu ya maisha yake, sasa Jumapili anakaa nyumbani anachonga mipini ya majembe. Kwenye simu alikuwa akiniuliza swali moja tu: "Na ninyi wa huko Dubai mnasemaje?" Nami nilikuwa nabadilisha mazungumzo, kwa sababu sisi wa Dubai tulikuwa tunasema libomolewe.

Jumapili ya mwisho kabla ya safari, umoja wetu wa watu wa parokia ulikutana baada ya ibada. Kanisa tunalosali Dubai limo ndani ya ua mmoja na makanisa mengine, halina mnara wala kengele, na mgeni angeweza kulipita akidhani ni shule. Mwenyekiti wetu ni kaka Wilfredi, msimamizi wa mafundi katika kazi za ujenzi, mtu mwenye sauti iliyozoea kushindana na mashine.

"Dada Felista, wewe sasa ndiye macho yetu," aliniambia. "Piga picha za makanisa ya wenzetu. Yale makubwa. Tumtumie mzee wako aone dunia ilikofika. Khalas, imetosha, hatuwezi kusali juani kwa sababu ya mtu mmoja."

Nilisema sawa. Niseme nini? Ni kweli kwamba watu wanasali juani, na ni kweli kwamba mama yangu ni mmoja tu.

Usiku wa kuondoka, Mwanaisha alikuja kuniaga mlangoni. Ni Mmombasa, anafanya kazi nyumba ya jirani, na hajawahi kuniachia neno bila kulitia chumvi. "Wenda Ulaya, shoga," alisema akinikabidhi sweta lake, "lakini sufuria utakazoosha ni zile zile. Tofauti ni baridi." Kutoka Mirdif hadi uwanja wa ndege ni karibu mno, ndege zinapita juu ya nguo zetu tulizoanika. Miaka yote nilikuwa naziona matumbo tu. Usiku ule nilikuwa ndani ya mojawapo, Poppy amelala mapajani mwangu.

Kutoka London tulikwenda kwa gari, Sir, mumewe Madam, akiendesha. Nilikuwa nimetegemea maghorofa. Badala yake nikaona mashamba ya ngano, tambarare, na ua wa miti kila mahali kama kwamba kuna mtu aliyepewa kazi ya kutenganisha kila kitu na jirani yake. Halafu nikaanza kuona minara. Mnara mmoja katikati ya mashamba, peke yake, bila mji wowote. Baada ya muda, mwingine. Nikamuuliza Madam ni ngome za vita? Akacheka. "Ni makanisa, Felista. Kila kijiji kina lake." Kwetu sisi watu wa vijiji vingi tunabanana katika kanisa moja.

Kijijini tulifika jioni jua likiwa bado juu, maana kiangazi kule jua halina haraka ya kwenda nyumbani. Mama yake Madam alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake, mwembamba, mrefu, nywele nyeupe zimekatwa kama za mvulana. Nikapiga goti kidogo kumwamkia. Akadhani naanguka, akanishika mkono, na nusura tuanguke wote wawili pamoja na nyonga yake mpya.

"Niite Joan," alisema tulipotulia.

Nilishindwa. Mtu mwenye umri ule huwezi kumtaja jina lake kavukavu kama unamwita mtoto. Nikamwita Bibi Joan, na alipojua maana yake alikubali, tena nilimsikia akimwambia mwenye duka kwa fahari.

Kesho yake asubuhi Bibi Joan alichukua ufunguo uliokuwa ukining'inia jikoni, mrefu kama mwiko wa ugali, akasema twende tukapange maua kanisani. Ni kazi yake kwa zamu na wanawake wengine. Mimi nilibeba ndoo ya maua, Poppy akabeba mkasi, ingawa nilimkataza.

Nje ya kanisa nilisimama. Kuta zote zilijengwa kwa mawe ya gumegume, yale magumu yanayotoa cheche, meusi na yanayong'aa, kila moja halizidi ngumi ya mtu mzima. Yamepangwa moja moja juu ya jingine mpaka kwenye kilele cha mnara, ambako ilinibidi nishike kitambaa changu cha kichwa ili niangalie. Nilijaribu kufikiria mikono iliyoyaokota mashambani. Nilijaribu kufikiria waliokufa kazi ikiwa bado kiunoni, wakawaachia watoto wao, na watoto nao wakawaachia wa kwao. Nilihisi machozi yananilenga, na sikujua nalia nini.

Mlango wenyewe ni wa mwaloni, umezungukwa na tao la duara lililochongwa mikunjo kama meno ya msumeno. Bibi Joan akasema tao lile ndilo kongwe kuliko vyote, na kwamba lina karibu miaka mia tisa. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikaweka kiganja changu juu ya jiwe, na lilikuwa baridi na laini, limelainishwa na viganja vya watu wengine wengi waliofanya hivyo hivyo.

Ndani, macho yalipozoea kivuli, niliangalia juu kwanza. Paa ni la mbao tupu, limepanda kwa ngazi za maboriti, na mwisho wa kila boriti ametokeza malaika wa kuchongwa, mbawa wazi, anakutazama. Malaika kulia, malaika kushoto, mpaka madhabahuni. Mwanga ulipita kwenye vioo vya rangi ukawaangukia mabenchi, bluu na nyekundu. Nikasema "Ee Mungu wangu" kwa Kiswahili, kwa sauti, na kanisa likanirudishia.

Kisha nikaangalia chini. Sakafu yote ilikuwa ya mawe mapana, na mawe yale yalikuwa na majina. Nilisoma la kwanza: jina la mwanamume, na chini yake, mkewe. Nilikuwa nimesimama kifuani mwa watu.

Ninyi mnajua tulivyolelewa. Kaburi halikanyagwi. Mtoto akiruka kaburi anachapwa kwanza, anaelezwa baadaye. Niliruka pembeni nikatua juu ya jiwe jingine, nalo lina majina. Nikaruka tena. Mwishowe nikavua viatu, nikajibandika ukutani, nikawa natembea kiubavuubavu na ndoo yangu kifuani. Poppy kuona hivyo akavua vyake, akajibandika nyuma yangu. Tukazunguka kanisa zima hivyo, kimyakimya, kama wezi wawili wa maua.

Bibi Joan alitutazama kwa muda. Halafu akasema kwa upole, "Felista, viatu vinakubana? Nyumbani nina vingine."

"Hapana, Bibi. Ni hawa." Nikamwonyesha sakafu. "Sisi hatuwakanyagi."

Hakucheka. Aliketi kwenye benchi, akaiangalia sakafu aliyoitembea tangu utoto. "Sijawahi kuwaza hilo," alisema. "Nimeolewa juu ya hawa watu."

Siku zilizofuata nilirudi pale kila nilipopata nafasi, baada ya vyombo vya mchana. Nilipiga picha nilizoagizwa, lakini kusema kweli nilikwenda kwa ajili yangu. Nilikuwa navua viatu mlangoni, Bibi Joan akanifumia soksi nzito za sufu nisiugue. Nilianza kulizoea kanisa, na kadiri nilivyolizoea ndivyo nilivyogundua kwamba halikunyooka. Nguzo za upande wa kulia ni nene na za duara, za kushoto ni nyembamba na zina pembe. Madhabahu imepinda kidogo kutoka kwenye mstari wa mlango. Fundi mmoja asingeweza kukosea namna hiyo mahali pengi kiasi kile.

Alasiri moja, nimelala chali kwenye benchi nikiwaangalia malaika (hakuna aliyeniona ila wao), niliona kitu ambacho hakikuniingia akilini. Upande wa kulia, juu ya yale matao yanayobebwa na nguzo nene, kulikuwa na madirisha mawili madogo ndani ya ukuta. Lakini ng'ambo ya ukuta ule hakukuwa nje. Kulikuwa na sehemu nyingine ya kanisa hili hili, yenye mabenchi yake. Nani anaweka dirisha la kutazama kutoka kanisani kwenda kanisani?

Asiyeuliza, hanalo ajifunzalo. Jioni, nikimkanda Bibi Joan mguu, nikamuuliza.

"Ah, yale," alisema. "Zamani pale palikuwa nje. Kanisa lilikuwa chumba kimoja tu, chembamba, kuanzia nguzo za kulia mpaka za kushoto. Watu wakaongezeka, hawatoshi."

Mkono wangu ukasimama juu ya mguu wake. "Wakafanyaje?"

"Wakaupasua ukuta. Si wote kwa mara moja, paa lingewaangukia. Walikata tao moja, wakaliegemeza kwa magogo, wakajenga nguzo, kisha wakahamia tao la pili. Ukuta wa juu ukabaki ulipokuwa, na madirisha yake. Halafu wakajenga ukuta mpya kule nje, wakaezeka katikati. Baada ya miaka mia hivi wakafanya hivyo upande wa pili."

"Na pale nje, kabla hawajajenga, palikuwa na nini?"

"Makaburi, bila shaka. Makaburi yalizunguka kanisa zima."

"Waliwahamishia wapi?"

Bibi Joan alinishangaa. "Kwa nini wahamishwe? Wamelala pale pale. Kanisa ndilo lililowafuata."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilimwona mama, si katika ndoto, bali nikiwa macho, jinsi alivyolala hatua chache tu kutoka kwenye ukuta wa kusini wa kanisa letu. Nikawaona watu wetu juani. Vitu hivyo viwili tulikuwa tumevipiganisha mwaka mzima, kama kwamba lazima kimoja kife. Nilijawa na furaha iliyochanganyika na hofu, kwa sababu nilijua pia kitu cha tatu: kama lingefuatwa lile la Waingereza, siku moja watu wangetembea juu ya mama yangu. Ningemwambiaje Baba hilo?

Jumapili ya mwisho tulikwenda ibada wote. Kengele zilianza kulia mapema, na si kama ya kwetu inayolia ngo, ngo, ngo. Zilikuwa kengele kadhaa zikishuka ngazi, kisha zikabadilishana nafasi, zikashuka tena kwa namna nyingine, mpaka kuta zikawa zinatetemeka ukiziegemea. Nilidhani kijiji kizima kitamiminika. Tulipoketi, nikageuka kuhesabu vichwa, na watu wote wangeenea kwenye mabenchi ya mbele tu. Wengi walikuwa rika la Bibi Joan. Malaika walikuwa wengi kuliko sisi.

"Kwenu huwa wanajaa?" Bibi Joan alininong'oneza.

"Wanajaa mpaka nje."

Akafumba macho. "Bahati iliyoje," alisema.

Wakati wa kwenda mezani kupokea Komunyo, niliinuka na soksi zangu. Madam alinikodolea macho, nikajua namtia aibu. Nikasimama pale kwenye ukingo wa jiwe la yule mwanamume na mkewe. Nikawaza: hawa wawili wanasikia nyimbo kila Jumapili. Wanasikia harusi. Hakuna siku ambayo hakuna mtu karibu yao. Nikawaambia samahani kimoyomoyo, nikakanyaga, nikapita katikati.

Siku ya kuagana Bibi Joan alinishika uso kwa mikono yote miwili. Hakusema mengi, wenzetu hawana maneno mengi ya kuaga. Aliniambia tu nimwandikie namna mambo yatakavyokwenda. Nililia ndani ya gari mpaka Poppy akanipa mdoli wake.

Dubai ilitupokea na joto lake la kukaba pumzi. Jumapili iliyofuata nilipanda basi, kisha metro, kisha basi tena, mpaka Jumeirah Village Circle, kwenye fleti ambamo dada mmoja wa kwetu amepanga chumba na wenzake. Umoja wote ulikuwa umejibana pale sakafuni. Nikatoa picha. Waliguna kwa malaika, waliguna kwa mnara. Halafu nikawaonyesha madirisha mawili yanayotazama ndani, nikaeleza.

Kaka Wilfredi akatikisa kichwa. "Dada, ramani imeshachorwa. Na kupasua ukuta wa mawe wa zamani si mchezo. Nani ataushikilia?"

"Wewe," nikasema. "Wiki ile ulipochelewa ibada ulisema ulikuwa wapi?"

"Al Warqa. Arbab, yule tajiri mwenye nyumba, alitaka majlisi yake ya wageni ipanuke."

"Mlibomoa villa yake?"

"Hapana, tuliweka jeki, tukapitisha chuma, tukafungua ukuta kipande kwa kipande..." Akaitazama tena ile picha ya madirisha.

"Kwa arbab unafungua, kwa Mungu unabomoa?" nilimuuliza. Labda nilikuwa mkali. Lakini watu waliangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka mwisho wa wote, akainamisha kichwa. Akachukua kalamu, akaanza kuchora juu ya kifuniko cha boksi la maji: nguzo nne, matao matatu, ukuta mpya ukitanda ng'ambo ya makaburi. Alichora mpaka chai ikapoa. Kisha akampigia padri wetu wa kijijini, wakaongea kifundi kwa muda mrefu, sisi tukisikiliza upande mmoja tu wa maneno.

"Padri anasema inawezekana," alisema alipokata simu. "Tena ni nafuu kuliko kubomoa. Lakini hataki ugomvi mwingine. Anasema wenye marehemu wa upande ule wote wataridhia kama mzee Felista ataridhia." Baba yangu wanamwita kwa jina langu, kama desturi yetu ilivyo. "Mpigie wewe."

Nilitoka kwenye baraza la fleti, nikafunga mlango wa kioo nyuma yangu. Chini magari yalikuwa yanazunguka mzunguko wa barabara. Baba alipokea haraka, nikasikia patasi ikiwekwa chini.

Nikamwambia yote bila kuficha. Kwamba ukuta utapasuliwa lakini kanisa litabaki. Kwamba mama hataguswa, hatahamishwa, wala jembe halitamkaribia. Na kwamba sakafu itapita juu yake, jina lake litaandikwa kwenye jiwe, na watu watatembea pale. "Watamkanyaga, Baba," nikasema. "Sikufichi. Watu wa kule wanakanyagana hivyo, na niliona uchungu, lakini niliona pia hawako peke yao."

Nikasikia akiburuta kigoda, akakaa.

"Upande huo watakaa akina nani?" aliuliza mwishowe.

"Padri anasema akina mama."

"Mm. Na hilo paa, litamfunika mwili wote? Hata miguuni?"

"Litamfunika mwili wote, Baba."

"Maana kila masika," alisema, akaanza upya. "Kila masika mimi silali. Nasikia mvua inapiga bati langu hapa, nami niko pakavu, na yeye yuko nje."

Nikauegemea mlango wa kioo.

"Waambie wapasue," alisema Baba. "Na wawahi. Vuli imekaribia."